Gari la Laki Sita: Lipi Ununue Ukiwa Nakuru, Kisumu au Milima Iliyo Kati Yake

Mwenye laki sita akiingia yadi, swali lake la kwanza huwa "hii inakula aje?" Swali zuri, ila limetangulia. Gari la kilomita 18 kwa lita halikuokoi kitu siku giaboksi ikikataa kupanda Kericho, na kwa magari ya bei hii giaboksi ndiyo inayomaliza pesa za watu kuliko petroli. Kwa hiyo hapa tumepanga magari kwa gia kwanza, injini ya pili, barabara unayopita ya tatu, kisha mafuta.

Hesabu ya mafuta yenyewe ni fupi. Chukua mtu anayeendesha kilomita 1,000 kwa mwezi na petroli ya shilingi 180. (Bei hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati, kila tarehe 14, kwa hiyo weka ya mwezi wako.) Gari la kilomita 16 kwa lita litakunywa lita 62.5. Gari la kilomita 11 litakunywa karibu lita 91. Tofauti ni kama shilingi 5,100 kwa mwezi. Si pesa ndogo, lakini kati ya Vitz na Probox tofauti haifiki hapo, na giaboksi moja ikifa huenda ikala akiba yote ya mwaka.

Usiamini namba za brosha ya Japani. Zilipimwa kwa mtambo, bila mzigo wala mlima.

Kuhusu CVT

CVT ni giaboksi ya otomatiki isiyo na gia moja, mbili, tatu. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Mkanda huo unaishi kwa oili yake maalumu: Nissan Note ya E11 inataka NS-2, ya E12 inataka NS-3, Honda Fit za zamani zinataka HMMF, Toyota ilianza na TC kisha ikaja FE. Fundi akimimina ATF ya kawaida, ile nyekundu ya giaboksi za gia nne, mkanda unaanza kuteleza, unakwaruza puli, na unga wa chuma unaingia kwenye vali. Gari halifi siku hiyo. Linakufa miezi kadhaa baadaye, likiwa tayari ni lako.

Otomatiki ya zamani ya gia nne inakula mafuta zaidi kidogo, lakini inavumilia, na mafundi wa jua kali Nakuru na Kisumu wameifungua mara nyingi. Ndiyo sababu magari manne ya kwanza hapa chini tunayataka yakiwa na gia nne.

1. Toyota Probox au Succeed ya 1.5

Fungua boneti utafute bamba dogo la chuma lenye herufi za modeli. Unataka NCP51, yenye injini ya 1NZ-FE ya sisi 1,500 (cc, ukubwa wa injini). NCP50 ni ya sisi 1,300. Ukikaa Ahero au Kisumu mjini inatosha, lakini ukipakia watu watano na magunia mawili kupanda kutoka Awasi utaijua. Succeed ni Probox iliyovaa vizuri kidogo. Spea ni zilezile.

1NZ-FE inatumia cheni, si mkanda wa taimingi, kwa hiyo hakuna gharama ya kubadilisha mkanda. Inachukua lita 3.7 za oili pamoja na filta. Ikibadilishiwa kila kilomita 5,000, ni injini ya kukaa nayo. Barabara kuu tarajia kilomita 13 hadi 15 kwa lita, mjini au ikiwa na mzigo 11 au 12.

Tatizo la Probox si Probox, ni kazi iliyofanya. Kisii, Kericho, Bomet na kwingineko nyingi zimebeba abiria, na si watano. Gari la namna hiyo hupakwa rangi, likaoshwa injini, likapigwa picha jioni jua likiwa zuri. Lakini mwili unasema. Fungua mlango wa nyuma nusu, ushike chini kwa mikono miwili na uunyanyue: ukicheza juu na chini, bawaba zimechoka kwa kufunguliwa mara mia kwa siku. Angalia kiti cha dereva upande wa gia. Dereva aliyezoea kugawana kiti na abiria huacha sponji imelala upande mmoja na fremu imepinda. Ingia buti, ondoa zulia: matundu ya nati yaliyozibwa ni ya benchi iliyotolewa juzi. Chungulia springi za nyuma. Ukiona vipande vya mpira au chuma vilivyoongezwa ili nyuma isilale, uliza gari lilikuwa linabeba nini, kisha usiamini jibu.

Probox iliyotumiwa na shule, muuza vitabu au mkulima wa maziwa ni afadhali hata ikiwa na mikwaruzo.

2. Toyota Vitz ya 1.0, KSP90

Hii ndiyo bingwa wa mafuta kwa bajeti hii: kilomita 16 hadi 18 barabara kuu ikiwa na watu wawili, 13 hadi 15 mjini. Ina injini ya 1KR-FE ya silinda tatu na otomatiki ya gia nne. SCP90, ambayo kwa macho ni gari lilelile, ni ya sisi 1,300 na ina CVT. Wauzaji wengi hawajui tofauti, au wanaijua na kunyamaza. Bamba la chini ya boneti halinyamazi.

Silinda tatu hutetema kidogo gari likisimama kwenye taa. Hiyo ni asili yake. Likitetema mpaka kioo cha kati kinacheza, maunti za injini, ile mipira inayoishikilia, zimekufa. Kelele ya cheni kwa sekunde mbili tatu asubuhi maana yake oili haikubadilishwa kwa wakati.

Udhaifu wake ni mlima. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850, Timboroa inapita 2,700. Sisi 1,000 hapo juu zinavuta kama robo tatu yake, na dereva akikanyaga hadi chini, ule uchache wa mafuta uliolipia unaisha. Kwa mtu wa Kisumu, Mumias au Busia, Vitz iwe namba moja. Kwa mtu wa Nakuru anayepanda Molo kila wiki na familia, hapana. Passo ya KGC10 ina injini hiyohiyo na gia hizohizo, na mara nyingi bei yake iko chini kidogo.

3. Toyota Fielder, NZE121

Injini ya Probox, giaboksi ya gia nne, viti vya binadamu. Ilitengenezwa hadi 2006, kwa hiyo unanunua gari la miaka karibu 20 au zaidi, na hilo ndilo linaloishusha. Kilomita 12 hadi 14 kwa lita. Ikague kutu chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu, hasa ikiwa ilikaa Pwani. Fielder ya NZE141 inapendeza zaidi, lakini ya otomatiki ni CVT, na bei huwa imeruka.

4. Mazda Demio, DE3FS

Inashika barabara vizuri kuliko zote hapa, na 1.3 yake inakupa kilomita 14 hadi 16. Tafuta ya gia nne. Ile iliyoandikwa 13C-V ni ya CVT. Iko chini: matuta ya Vihiga na barabara za udongo Kakamega baada ya mvua zitaipiga tumbo na kupasua bampa la mbele. Spea zipo, ila utalipa zaidi ya mwenye Toyota, na mara nyingine utasubiri zitoke Nairobi.

5. Honda Fit na Nissan Note

Ziko mwisho kwa sababu ya CVT, si kwa sababu ni mbaya. Bei yake huwa nzuri, kwa sababu hiyohiyo. Fit ya GD1 ina kituko chake: kila silinda ina plagi mbili, jumla nane, na nne ziko nyuma mahali pasipofikika kwa urahisi. Fundi mvivu hubadilisha nne za mbele, akaandika "plagi mpya". Gari linaendelea kukwama na kunywa mafuta, na lawama inaenda kwa giaboksi. Fit ya GE6 ina plagi nne tu. Note ya E12, sisi 1,200, inaweza kufika kilomita 15 hadi 17 ikiwa giaboksi ni nzima. Nunua tu ikiwa muuzaji anaweza kuonyesha risiti ya oili sahihi ya CVT.

Toyota Aqua na haibridi nyingine (za petroli na betri) kwa laki sita? Utakuwa umenunua betri iliyochoka yenye gari juu yake. Tabo za Subaru tunaziruka bila maelezo.

Siku ya kukagua

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa moto, kuna kitu hakutaka ukisikie asubuhi. Kunywa chai, rudi baadaye. Likiwa baridi, fungua kifuniko cha oili: uji mweupe kama mayonezi ni dalili kwamba maji yanaingia kwenye oili, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Fungua rejeta, ikiwa baridi tu. Ukoko mweupe mdomoni maana yake gari limekuwa likiongezwa maji ya kisima badala ya kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Maji ya visima vya Nakuru yana madini mengi, na njia nyembamba za rejeta huziba polepole.

Washa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi, mweupe usioisha baada ya injini kupata joto ni kulanti. Taa ya eabegi iwake, kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyetoa balbu.

Magari yaliyokunywa maji yapo, hasa baada ya mafuriko ya Nyando na Budalang'i. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa. Watu huosha zulia na viti, lakini wachache hukumbuka sehemu ya mkanda inayokaa ndani ya nguzo. Mstari wa matope ya kahawia pale umemaliza mazungumzo. Angalia pia kutu kwenye nati za viti na mstari wa maji ndani ya taa za mbele.

Kilomita zinarudishwa, kwa hiyo soma mpira wa pedali ya breki badala ya dashibodi. Gari la kilomita 80,000 halina pedali iliyolainika kama sabuni.

Sasa liendeshe. Kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole kulia kisha kushoto: "tak-tak-tak" ni jointi za ekseli ya mbele. Kisha tafuta mlima. Kisumu, toka Mamboleo upande kuelekea Kiboswa. Nakuru, panda barabara ya Menengai. Kwa CVT endesha angalau dakika 30 ipate moto, halafu simama katikati ya mlima na uanze tena taratibu. Mtetemo kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, au injini kulia huku gari haliendi, ni mkanda unaoteleza. Likifanya hivyo mara moja tu, rudisha funguo.

Ukiweza, pima mafuta pia. Jaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, weka kipima safari sufuri, endesha, jaza tena kwenye pampu ileile. Kilomita 120 zilizokula lita 7.5 ni 16 kwa lita. Chini ya kilomita 50 kipimo hicho hakina maana.

Karatasi

Herufi za namba zinakuambia lini gari lilisajiliwa Kenya, si lini lilitengenezwa. Kwa sheria ya miaka minane, gari lililoingia 2016 huenda ni la 2009. Soma mwaka kwenye logibuku, na ulipie umri wa gari, si uzuri wa namba.

Fanya utafutaji wa gari katika akaunti yako ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, wewe mwenyewe, si kwa picha ya skrini aliyokutumia broka. Linganisha namba ya chesisi na ile iliyopigwa kwenye mwili wa gari. Jina liwe la mtu aliye mbele yako na kitambulisho chake. Jina la benki au mkopeshaji likionekana, usilipe hata arubuni kabla ya kuona mkopo umefungwa.

Uhamisho huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, wewe unaukubali kwenye yako. Kaeni pamoja, kila mtu na simu yake, na salio litoke benki baada ya ombi kuonekana kwako. "Nitatransfa nikifika nyumbani" ni maneno yaliyowaacha wengi wakiendesha gari la mtu mwingine, faini zake zikiwa juu yao.

Na zile laki sita zisiishe zote pale. Bakisha kama 60,000: oili na filta, plagi, oili ya giaboksi, padi za breki, bima. Tairi zisome ubavuni: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Hata zikiwa na meno mazuri, tairi za umri huo ziondoe kabla ya safari ya kwanza ndefu, na bei yake ikate kwa muuzaji mapema, mkiwa bado mnabishana.