Kipimo cha radoni cha mfuko wa mkaa: uzoefu wangu kwa nyumba yenye besimenti (chumba cha chini ya ardhi), jimbo la Iowa, Marekani

Bei haifiki dola 20, gharama ya maabara ikiwemo. Nakipa nyota nne. Ya tano imepotezwa na karatasi ya maelekezo: kuchelewesha posta, kosa linaloharibu vipimo vingi, kumetajwa mstari wa mwisho kwa herufi za kutafutia miwani.

Ndani ya bahasha mna mfuko mwembamba, saizi ya kiganja, wenye punje za mkaa maalumu zinazochakarika ukiutikisa. Mkaa huo hunasa radoni, gesi itokanayo na urani iliyomo ardhini, inayopenya kwenye nyufa za sakafu. Haina rangi wala harufu. Ndugu zetu Wakongo na Warundi walio wengi huku wajue kwamba kaunti zote 99 za Iowa zimo kwenye kundi la hatari kubwa zaidi.

Funga madirisha yote masaa 12 kabla ya kuanza na uyaache hivyo mpaka mwisho. Kupita mlangoni kama kawaida hakuna neno. Tundika mfuko chumba cha chini kabisa kinachokaliwa na watu, nusu mita kutoka sakafuni, sentimita 30 kutoka ukuta wa nje, mbali na feni. Jikoni na bafuni usiweke: mvuke hugombania nafasi na radoni ndani ya mkaa, jibu likatoka dogo kuliko hali halisi. Mimi hutundika miwili, sentimita 10 kati yake. Majibu yakipishana mno, siyaamini.

Saa za kuanza na kumaliza ziandike sawasawa. Kwetu tunaohesabu saa kwa Kiswahili, mtego uko hapa: saa 2 asubuhi ni 8 AM. Ukichanganya mara moja tu, hesabu ya maabara inapinda kwa masaa sita.

Siku ya tatu au ya nne ziba mfuko, upeleke posta siku hiyo hiyo. Radoni hupungua nusu kila siku 3.8, kwa hiyo ukiusahau wiki nzima kwenye gari itabaki kama robo tu.

Jibu huja kwa pikokyuri kwa lita, kizio cha mionzi iliyomo hewani. Zidisha kwa 37 upate bekereli kwa mita ya ujazo. Marekani hushauri kurekebisha nyumba kuanzia pikokyuri 4, wakati Shirika la Afya Duniani limeweka 100 bekereli, yaani 2.7 hivi. Usingoje dalili, kwa sababu radoni haileti kikohozi wala kichwa kuuma. Ni chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara, na kwa mvutaji hatari huongezeka maradufu na zaidi.

Udhaifu wake ni kupima siku chache tu. Wakati wa baridi hewa moto hupanda na nyumba hufyonza gesi ya udongoni, hivyo Januari husoma juu. Ukipata kati ya 4 na 8, nunua kipimo cha kukaa miezi mitatu au zaidi. Ukizidi 8, rudia huu wa mkaa mara moja. Ikibidi kurekebisha nyumba, kuziba nyufa peke yake hakutoshi, linatakiwa bomba chini ya sakafu na feni ya kutoa gesi juu ya paa. Feni ikishawashwa, subiri angalau masaa 24, kisha tundika mfuko mpya pale pale.