Fitolaka ya madoadoa: majani nayapenda, matunda nayakata

Mche ulinifikia ndani ya chungu kidogo cha plastiki: shina moja jekundu lenye urefu wa kidole, na majani manne. Lebo iliandikwa Phytolacca americana ‘Silberstein’, jua au kivuli chepesi, basi. Kuhusu sumu hakuna hata neno moja. Nitalirudia hilo.

Kwanza nisifu, kwa sababu unastahili. Kila jani ni kijani kilichorushiwa nyeupe ya maziwa, mithili ya ukuta ambao fundi wa rangi ameukung’utia brashi, na hakuna mawili yanayofanana. Mashina huanza pinki, kisha hukolea hadi kuwa damu ya mzee. Nimeupanda kwenye kona inayopata jua la asubuhi tu, na jioni kiza kikianza kuingia, ndio mmea pekee unaoonekana bado. Mwaka wa kwanza ulinifika magotini, wa pili kiunoni, na upana karibu sawa na kimo. Fitolaka ya kawaida, ile ya porini huko Marekani, humpita mtu mrefu. Huu hauna kasi hiyo, maana sehemu nyeupe za jani hazina umbijani, hazipiki chakula.

Baridi ya kwanza ulinyauka wote hadi chini. Mimea mingine ilipoanza kuchipua, hapo palikuwa patupu. Nilishachukua jembe niung’oe nipande kitu kingine, ndipo nikaona ncha nyekundu zinachungulia udongoni. Ukiupanda, weka kijiti cha alama na uvute subira.

Na ukichagua mahali, usibadilishe nia. Mzizi ni mnene kama muhogo (heri nisiuite hivyo mbele ya watoto, maana ndio wenye sumu kali kuliko sehemu zote). Nilijaribu kuuhamisha mara moja, ukanikatikia, nikafukia shimo na kuomba radhi.

Sumu yenyewe imo mmea mzima, na sehemu yake ni saponini, kemikali zinazotoa povu. Ndugu yake wa Ethiopia, endod, watu hufulia nguo. Mwaka 1964 mwanasayansi wa huko, Aklilu Lemma, aliona konokono wamekufa mtoni mahali walipokuwa wakifua, na endod ikaanza kuchunguzwa kama silaha dhidi ya kichocho, ugonjwa unaoenezwa na konokono wa majini. Mimi naweza kuyasoma hayo. Mjukuu wangu wa miaka mitatu hawezi, na vile vichala vya matunda meusi yanayong’aa kwenye vikonyo vya pinki vinamwita kuliko peremende. Siku niliyomkuta ameunyosha mkono, nilikata vyote.

Tangu hapo nakata vichala vikiwa bado kijani, na glavu navaa. Najua napoteza nusu ya uzuri wa mwisho wa msimu. Lakini kulikuwa pia na kesi ya ndege. Wao sumu hiyo haiwadhuru. Hula, hupumzika juu ya kamba yangu ya nguo, na shuka nyeupe hubaki na mabaka ya zambarau yasiyotoka. Kila tunda lina mbegu kama kumi, kwa hiyo mwaka uliofuata miche ilijitokeza kila waliporuka. Mingi ilikuwa na madoa kama mama yake, michache kijani kitupu. Hiyo ya kijani ing’oe mapema, mzizi ungali mwembamba kama penseli.

Mmea naupa nyota nne. Muuzaji, mbili: alifungasha vizuri, mche ulifika mzima, ila mtu anayeuza kitu hiki bila kutaja sumu hajafikiria nani anaishi kwa mteja. Nilimwandikia. Akanijibu kwa upole kwamba mmea ukinifia, atanitumia mwingine bure.

Mwingine! Ninayo miche kumi na minne nyuma ya uzio.