Meneja wa kesi katika hospitali za Marekani: wapi anafaa, wapi anakwama

Jina lenyewe linapotosha. Mswahili akisikia "kesi" huwaza mahakama, na wapo wazee wanaonyamaza kabisa mtu huyu akiingia chumbani, wakidhani amefuata deni. Kumbe ni nesi au ofisa ustawi wa jamii anayehakikisha kwamba bima inakubali mgonjwa alazwe na kwamba siku ya kutoka ana pa kwenda. Huduma yake haina bili ya peke yake. Tunaipa nyota 3 kati ya 5. Ingepata 4 kama wagonjwa wangeelezwa tangu siku ya kwanza mtu huyu anafanya kazi kwa ajili ya nani.

Mwajiri wake ni hospitali. Tangu 1983 Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, huilipa hospitali kiasi kilichopangwa kwa aina ya ugonjwa, kwa hiyo mgonjwa wa nimonia akikaa siku 4 au 9, malipo kwa kawaida ni yaleyale. Kila siku ya ziada hospitali inajigharimia. Mwaka 2012 likaja jambo la pili: hospitali ambayo wagonjwa wake wanarudi kulazwa kupita kiasi ndani ya siku 30 hukatwa hadi asilimia 3 ya malipo hayo. Ndiyo maana yuleyule aliyekuharakisha utoke anaweza kukupigia simu baada ya siku mbili kuuliza kama dawa umezipata.

Swali la kwanza la kumuuliza ni hili: mgonjwa amelazwa rasmi, au yuko chini ya uangalizi tu? Kitanda ni kilekile, dripu ileile, lakini wa uangalizi huhesabiwa kama mgonjwa wa nje. Kwa kawaida daktari akitarajia matibabu yatavuka usiku wa manane mara 2, huandika amri ya kulaza. Bila amri hiyo, Medicare ya kawaida haitalipia nyumba ya uuguzi baadaye, kwa sababu inataka siku 3 mfululizo za kulazwa rasmi, bila kuhesabu siku ya kutoka. Familia nyingi huumia hapa: mama amekaa hospitali siku 4, na hata moja haikuhesabiwa. Uangalizi ukizidi saa 24, hospitali inapaswa kukupa fomu iitwayo MOON, inayokueleza kwamba hujalazwa rasmi, kabla ya saa 36 kwisha. Isome palepale, na kama hali ya mgonjwa ni nzito mwombe daktari aifikirie upya amri yake. Mgonjwa akishatoka, amri haibadilishwi tena.

Kwenye vifaa wengi wao ni hodari: kitanda, kigari cha kutembelea, mashine ya oksijeni. Oksijeni ndiyo hukwama zaidi. Medicare kwa kawaida hutaka kipimo cha oksijeni kwenye damu cha asilimia 88 au chini, kiandikwe kwenye faili. Nesi akipima mgonjwa akiwa bado amevaa mirija ya oksijeni, namba inatoka nzuri na ombi linakataliwa.

Nyumba ya uuguzi usikubali jina moja. Sheria inataka upewe orodha, nawe uchague. Wenye Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima, wanahitaji pia kibali cha kampuni ya bima, na ombi lililopelekwa Ijumaa jioni mara nyingi hulala hadi Jumatatu. Lianzishwe Jumatano.

Ukiona mgonjwa anatolewa kabla hajawa tayari, kuna karatasi ya haki za Medicare uliyosaini. Ina namba ya simu ya wakaguzi wa nje. Piga kabla ya kuondoka, na kabla siku ileile ya kutoka haijaisha. Mgonjwa atabaki kitandani bila gharama mpya za kitanda hadi saa sita mchana ya kesho yake baada ya uamuzi. Meneja wa kesi ndiye hupeleka faili kwa wakaguzi, na mzuri hakununii kwa hilo.

Udhaifu mkubwa kwa watu wetu ni lugha. Mkalimani ni bure, lakini wengine humgeukia mtoto wa miaka 12 aliyesimama karibu, kataa. Taja pia ni Kiswahili cha wapi: mtu wa Goma aliyezoea maneno ya hospitali ya Kifaransa anaweza kupotezana na mkalimani wa Dar es Salaam kwenye majina ya dawa. Kabla simu haijakatwa, mgonjwa arudie kwa maneno yake vidonge vipi, mara ngapi, na miadi ni lini.