Pasi ya mkaa yenye jogoo: ipi ununue, ipi uiache, na namna ya kuifufua

Anayetaka kuanza kukusanya vyombo vya zamani vya dobi aanze na pasi ya mkaa, na kati ya pasi za mkaa aanze na ile ya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, yenye sanamu ndogo ya jogoo mbele. Mashine kuukuu ya kufulia ina mipira, mkanda, mota na nyaya. Mpira ukishakauka na kupasuka, na kiwanda kimeacha kuutengeneza, kazi yote inageuka kuwa msako wa vipuri. Pasi ya mkaa haina hata kimoja kati ya hivyo. Ina sanduku lenye kitako, kifuniko, bawaba, kifungo, wavu wa ndani na mpini wa mti. Fundi hodari anaweza kurekebisha au kutengeneza upya karibu kila kimoja. Visivyotengenezeka kwa gharama ya maana ni viwili tu: kitako kilichopasuka, na ukingo wa sanduku uliolika hadi kifuniko hakikai. Kwa hiyo tathmini ya pasi yoyote inaanzia hapo, si kwenye kung'aa kwake.

Sokoni utakuta aina nne. Ya kwanza ndiyo hiyo ya chuma cha kusubu, yenye uzito wa kilo 2.5 hadi 4, ukingo wa juu uliokatwa mawimbi ili hewa ipite, na jogoo mdogo ambaye ndiye kishikio cha kifungo. Jogoo si pambo tupu: anakaa juu ya kifuniko, mbali kidogo na makaa, kwa hiyo hupokea joto pole pole na unaweza kumsukuma kwa kitambaa bila kuungua. Uzito nao una kazi yake. Chuma kinene hushika joto, hivyo kitako hakipoi ghafla unapopita kwenye pindo la kanzu lililo na unyevu. Kwa matumizi na kwa mkusanyo, hii ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza.

Ya pili ni ya shaba ya manjano. Ni nzuri kwa macho, haishiki kutu, na hupata joto upesi, lakini hukwaruzika kirahisi, na ikiangushwa hubonyea. Inunue kwa ajili ya rafu. Ya tatu ina bomba la moshi mbele, lililopinda pembeni ili majivu yasimwangukie mpigaji pasi. Hiyo ukiipata ikiwa kamili usiiache, maana bomba ndilo huvunjika au kupotea kwanza, na pasi ya namna hiyo isiyo na bomba lake thamani yake huanguka mno. Ya nne ni mpya, ya aluminiamu au ya bati lililokunjwa. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na kaa linalopepewa hupita hapo. Kitako chake hupinda kabla hakijafika huko. Iache.

Wasomaji walioko Marekani watakutana zaidi na jamaa yake isiyo na mkaa: pasi nzito iliyojaa chuma, iliyopashwa juu ya jiko, yenye mpini wa mti unaochomoka. Muundo huo ulipewa hataza mwaka 1871 kwa Mary Florence Potts wa Ottumwa, Iowa. Kitako chake kimechongoka mbele na nyuma, na ziliuzwa kwa seti, mpini mmoja ukihudumia vitako kadhaa ili kimoja kitumike vingine vikipata moto. Kitako kimoja hupatikana kirahisi. Mpini wake wa asili ndio wa kutafuta, na hakikisha kitasa chake cha chuma bado kinarudi chenyewe unapokiachia.

Kwa Afrika Mashariki, mahali pazuri pa kutafuta ni kwa wanunuzi wa chuma chakavu na kwa mafundi cherehani wa zamani. Pitia Gerezani jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi. Mwenye chuma chakavu huuza kwa kilo, kwa hiyo bei inakuwa ya haki. Maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, Zanzibar, yana pasi nzuri, ila bei ni ya watalii, na nyingi zimeshapitishwa kwenye mashine ya kusaga hadi alama za kiwandani zimefutika.

Nenda na vitu vitatu: kipande cha kioo bapa, karatasi nyembamba na sumaku. Weka kitako juu ya kioo. Kikiyumba, kimepinda. Jaribu kupitisha karatasi chini yake. Ikipita pembeni tu, msasa utamaliza kazi. Ikipita katikati kutoka upande hadi upande, kitako kimejikunja na utapoteza chuma kingi ukikinyoosha. Kisha ishike pasi kwa mpini, kifuniko kikiwa wazi, uigonge sanduku kwa kifundo cha kidole. Chuma kizima hulia na sauti hudumu kidogo. Kilichopasuka hutoa sauti fupi, ya kufa. Angalia kwa makini kuzunguka bawaba na chini ya matundu ya hewa, maana hapo ndipo ufa huanzia. Sababu yake karibu kila mara ni maji baridi yaliyomwagwa kwenye pasi ya moto, kwa kuwa chuma cha kusubu hakivumilii mabadiliko ya ghafla ya joto. Sumaku ni ya pasi za shaba: ikinata, unauziwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

Pasi za kughushi zipo na zinaongezeka. Uso wake una chembechembe za mchanga hata ndani ya mapambo, kutu yake ni ya rangi ya chungwa iliyo sawa kila mahali, na bawaba imefungwa kwa skrubu za kichwa chenye msalaba. Kutu ya miaka mingi ni ya kahawia iliyokolea, nene kwenye pembe na nyembamba pale mkono ulipozoea kushika. Pasi iliyotumika kweli ina kitako laini kuliko sehemu nyingine zote. Kitako kikiwa na mikwaruzo ya tupa iliyonyooka, uliza maswali.

Sasa kazi yenyewe. Hatua ya kwanza ni kuifungua, na hapo ndipo nyingi huharibiwa. Pini ya bawaba iliyoganda isigongwe kwa nyundo ikiwa kavu. Tia mafuta ya kupenya, au mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, uache usiku kucha. Rudia. Ikigoma, toboa pini yenyewe kwa drili kuanzia katikati, kwa kipenyo kidogo kuliko pini, kisha itoe iliyobaki kwa punchi. Pini mpya ni kipande cha chuma laini cha unene uleule, kilichogongwa ncha zote mbili kama ribiti. Acha ulegevu kidogo, maana chuma hutanuka kikipata moto. Pini iliyokazwa kabisa baridini itang'ang'ania pasi ikishakuwa na makaa.

Ondoa mpini na kila kipande cha shaba kabla ya kugusa kutu. Njia tunayoipendelea ni ya umeme, kwa sababu huondoa kutu bila kula chuma. Chukua beseni la plastiki, maji, na soda ash (kaboneti ya sodiamu) kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4. Usitumie magadi ya jikoni, kwa kuwa huwa na chumvi, na chumvi hutoa gesi ya klorini. Unganisha waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12 kwenye pasi, na waya chanya kwenye vipande vya nondo vilivyosimamishwa pande zote mbili bila kuigusa. Nondo, si chuma cha pua: chuma cha pua huacha kromiamu yenye sumu majini. Ukikosea ukabadilisha nyaya, pasi ndiyo italika. Fanya kazi nje, kwa kuwa hewa inayotoka ni hidrojeni, na zima chaja kwanza kabla ya kugusa chochote. Baada ya saa kadhaa kutu itakuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi ya waya. Sanduku lina ndani na nje, kwa hiyo ning'iniza nondo moja ndani pia, maana umeme husafisha zaidi upande unaotazamana na nondo.

Asiye na chaja atumie asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Atazame kila nusu saa na aitoe kutu inapoachia. Ikilala humo, asidi ikimaliza kutu huanza chuma, na uso hubaki wa kijivu usio na uhai. Kwa njia zote mbili suuza, kausha papo hapo juu ya jiko hadi pasi iwe ya moto kiasi cha kutoshikika, kisha pangusa mafuta mepesi. Chuma kilichotoka majini huanza kutu mpya ndani ya dakika.

Shaba ni habari nyingine. Limau na chumvi kwa dakika chache, suuza, basi. Ukiona rangi ya waridi inajitokeza, zinki imeanza kutoka juu ya shaba, na utalazimika kuisugua upya hadi manjano irudi.

Kwa kitako, bandika msasa juu ya kioo, upande wa kukwaruza ukiwa juu, na uisogeze pasi kwa mwendo wa namba nane. Anza na msasa namba 120 kama kuna mashimo ya kutu, halafu 240, 400 na 600. Geuza pasi kila baada ya mizunguko kadhaa ili mkono wako mzito usile upande mmoja. Mashimo yaliyozama zaidi ya nusu milimita yaache, hayadhuru nguo yakishalainishwa kingo. Kama kitako kimepakwa nikeli, usiguse msasa kabisa. Na mwili wa pasi usipakwe rangi nyeusi ya dawa: huungua, hunuka, na hufunika alama za mtengenezaji ambazo mkusanyaji mwenzako angelipia.

Ufa mdogo kwenye kifuniko unaweza kuzibwa kwa kuchomelea shaba baada ya kuipasha pasi yote moto taratibu, kisha kuiacha ipoe ndani ya majivu au mchanga mkavu. Fundi wa kuchomelea mageti anayetumia fimbo za kawaida ataongeza ufa pembeni ya kiungo. Jogoo aliyevunjika hana shida: msubu shaba humchukua jogoo wa pasi nyingine kama kielelezo cha kalibu ya mchanga. Mwambie mnunuzi atakayefuata kwamba jogoo ni mpya.

Mpini mpya chonga kwa mninga au mvule uliokauka, kisha upake mafuta ya kitani tabaka jembamba, ukiacha kila tabaka likauke. Mafuta ya nazi hayafai, hayakauki, na joto huyafanya yanate. Kitambaa kilichonyonya mafuta ya kitani kitandaze nje au kizamishe majini, kwa kuwa kikikunjwa hujipasha chenyewe hadi kuwaka. Kinga ya bati iliyo kati ya kifuniko na mpini irudi mahali pake. Bila hiyo mti huungua upande wa chini.

Kwa kutumia, washa mkaa nje kwenye jiko hadi moshi uishe na ncha ziwe za majivu, dakika 15 hadi 20. Vipande viwe vya sentimita 2 au 3, na sanduku lijae theluthi mbili tu. Mkaa wa vifuu vya nazi hutoa joto kali na cheche chache kuliko mkaa wa miti laini. Chumba kiwe wazi pande mbili, maana kaa jekundu lisilo na moshi bado hutoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyonuka. Dondosha tone la maji kwenye kitako: likichemka palepale, joto linafaa kwa nguo za nyuzi laini na kitambaa kikiwa juu yake. Likijiviringisha na kukimbia, umekaribia nyuzi 200, joto la khanga na vitenge vya pamba. Pitisha kitako juu ya jani la mgomba kabla ya nguo. Huondoa masizi na kukifanya kiteleze. Wanga ulioganda na kuwa kahawia hutoka kwa kupiga pasi karatasi iliyonyunyiziwa chumvi.

Majivu yasilale ndani. Yana chumvi za potasiamu zinazovuta unyevu wa hewa, na pwani hilo ndilo hutoboa sanduku kuanzia ndani wakati nje bado kunang'aa. Yapangue kwa brashi kavu pasi ikishapoa yenyewe, kisha ipashe kidogo tena na ufute kitako na kuta za ndani kwa nta ya nyuki. Ihifadhi kifuniko kikiwa wazi, na kitako kikikaa juu ya ubao mkavu.