Kibanda umiza cha Pasua: jina lake halidanganyi

Ijumaa nimeshuka mlimani, Jumamosi saa kumi jioni nimeshakaa kwenye benchi la kibanda umiza kimoja hapa Pasua, Moshi. Kiingilio shilingi 500, muvi mbili mfululizo. Benchi hazina egemeo, na lile la nyuma kabisa lina msumari. Suruali yangu ni shahidi.

Hamu ilianzia kambi ya Shira, kule Mlima Kilimanjaro. Mgeni wetu mmoja, Mfaransa, tukiwa kwenye chai akasema yeye ni sinefili. Nikadhani anaumwa, nikataka kwenda kumwita kiongozi wa msafara. Kumbe ni mpenda sinema! Akanifafanulia: "fili" ni kupenda, Kigiriki hicho, "sine" ni sinema iliyokatwa mkia. Na sinema yenyewe asili yake ni kinema, mwendo, Kigiriki tena, ikaja kwa jina la mashine ya ndugu wawili, Lumière, walioonyesha picha zao Paris mwaka 1895. Akauliza sisi tunamwitaje mtu huyo. Nikamwambia mtu wa muvi tu, basi. Ila nikampa neno letu lingine limzidi: stelingi. Kwenye mabango ya Kiingereza jina la mwigizaji mkuu lilitanguliwa na "starring", sisi tukalichukua kama cheo. Alicheka mpaka chai ikamwagika.

Sasa pale Pasua ubao wa nje umeandikwa kwa chaki: STELINGI VANDAMU. Utaachaje kuingia?

Runinga si kubwa, imefungiwa kwenye kabati la nondo. Joto usiulize. Sauti ya mtafsiri anayeisemea muvi kwa Kiswahili inameza hata milio ya risasi, na mimi hapo ndipo 500 yangu inaporudi: jamaa anamsemesha adui kama jirani aliyekopa unga akahama usiku. Stelingi alipopigwa risasi ya bega, dogo mmoja akainuka aondoke, macho yamemlenga machozi. Mzee muuza karanga akamvuta shati: "Kaa wewe, stelingi hafi."

Hatukujua. Umeme ulikatika adui akiwa ndiyo kwanza anapanda helikopta, na jenereta halina mafuta. Hela hairudishwi. Tiketi yao ni alama ya kalamu ya wino kwenye kiganja, na mwenye kibanda akatangaza kwamba mwenye alama kesho anamalizia bure.

Usiku huo nimekula ugali kwa kijiko.