Silikoni ya bafuni: inafaa kuzuia shawa kuvuja mpaka fundi aje kubomoa

Bafu litakalobomolewa baada ya miezi michache halistahili kutiwa marumaru mpya leo. Tyubu moja ya silikoni (ute wa kuzibia unaokauka kama mpira) ya mililita 300, ile ya kubana kwa bunduki ya silikoni, inatosha kuzuia maji kwa muda, mradi yawe yanapita kwenye maungio. Sharti hilo ndilo wanunuzi wengi wanalolisahau, kisha lawama zote anabebeshwa mwenye duka.

Kwa hiyo pima kwanza. Funga mabomba yote uangalie mita; ikiendelea kuzunguka, kuna bomba limetoboka na silikoni haina kazi hapo. Kama nyumba inatumia tangi, funga maji yanayoingia, weka alama kwenye usawa wa maji, uangalie tena asubuhi. Pakiwa salama, ziba tundu la sakafuni kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi kilichogandamizwa na tofali, mwaga maji kina cha sentimita 2, usubiri. Yakitokeza chini tundu likiwa limezibwa, tatizo ni sakafu au pembe zake. Yakitokeza baada tu ya kulizibua, tatizo ni bomba la maji machafu.

Nyumba za milimani hapa Mwanza, za Bugando au Mabatini, zina mtihani wa ziada. Ukuta uliochimbiwa kwenye mwamba ukilowa baada ya mvua hata kama hakuna aliyeoga, maji hayo yanashuka kutoka juu. Usipoteze hela ya silikoni.

Dukani usiseme tu "nipe silikoni", maana utapewa ya madirisha. Ile inayonuka siki hushika vizuri kwenye kioo, ila asidi yake haipatani na saruji, kwa hiyo kwenye grauti, yaani saruji inayojaza maungio ya marumaru, inabanduka mapema. Nyingi za aina hiyo hazina pia dawa ya kuzuia ukungu, na pembe zinageuka nyeusi. Tafuta isiyo na asidi, iliyoandikwa kuwa ni ya bafuni, na usome tarehe ya mwisho. Iliyopitwa na wakati inaweza kubaki inanata bila kukauka, na kuitoa ni adhabu.

Kwa shawa ya sentimita 90 kwa 90 yenye kuta tatu, pembe za sakafu ni mita 2.7 na pembe mbili za wima, mita 2 kila moja, ni mita 4. Mstari wa milimita 6 unatoa takriban mita 8 kwa tyubu, kwa hiyo moja inatosha na kidogo kinabaki.

Kazi yenyewe inaharibikia kwenye unyevu. Kwangua grauti iliyolegea na silikoni ya zamani yote kwa wembe, maana mpya haishiki juu ya kuukuu. Sugua ukungu, futa kwa spiriti, kisha bafu lisitumike siku mbili, mlango na dirisha vikiwa wazi. Msimu wa mvua ongeza siku. Bandika selotepu ya karatasi pande zote mbili za pembe, kata mdomo wa tyubu kwa mshazari, vuta mstari mmoja bila kukatisha. Lainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni na ubandue selotepu hapohapo, kabla silikoni haijaota ngozi juu. Saa 24 bila maji. Anayeoga jioni ileile amejipangia kazi upya.

Saruji nyeupe, ambayo mafundi wengi hukimbilia kwa urahisi wake, kwenye pembe haifai: ukuta na sakafu hucheza kila kimoja kivyake, nayo haivutiki, inapasuka. Iache kwa maungio ya katikati ya marumaru, tena baada ya kukwangua ya zamani kina cha milimita 2 au 3.

Na usiipake silikoni juu ya uso wa marumaru. Kama ukarabati utakuwa wa kubandika mpya juu ya za zamani, gundi haitashika palipobaki hata utando wake, na fundi atakutoza kazi ya kukwangua.