Alama za vidole za cheti cha tabia njema: maoni ya fundi cherehani wa Mombasa

Nimepata kazi ya kushona Muscat, na tajiri anataka cheti cha tabia njema. Nikaenda kutoa alama za vidole katika ofisi moja hapa mjini. Jina silitaji kwa sababu nina la kulalamikia pia, lakini mafundi wenzangu, wapishi, wajenzi na wanaofua nguo za watu, hili lawahusu: vidole vyetu vimechakaa.

Vyangu vimelainishwa na pasi na kitambaa, na kidole cha shahada cha kushoto, kinachoipokea sindano kwa chini, kina kovu. Afande aliyenihudumia, mama mtu mzima, alivitazama kabla hata ya kugusa wino. "Mama, wewe wafua au washona?" Nikamwambia nashona. Akanituma ninawe, nijifute hadi nikauke kabisa.

Wino aliusambaza kwa rola juu ya kioo mpaka ukawa utando mwembamba. Hapo ndipo kazi hii huharibika, maana wino mzito hujaza mifereji ya kidole, na karatasini hutoka doa tupu. "Legeza mkono, niachie mimi. Usinisaidie." Kila kidole akakiviringisha kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi wa pili, mara moja, bila kurudi nyuma. Kisha vinne kwa pamoja bila kuviringisha, ili ihakikishwe kwamba hakuna kidole kilichoingia nafasi ya kingine. Gumba la kulia lilitoka hafifu. Akaiweka fomu kando, akachukua mpya, tukaanza upya, na hakununa. Kuhusu kovu aliniondoa hofu: mchoro wa kidole una mizizi katika ngozi ya ndani na hufanyika mtoto akiwa bado tumboni. Uliochakaa kwa kazi hurudi ukiupumzisha mkono, na kovu la kudumu nalo ni alama ya kumtambulisha mtu.

Mimi kazi yangu ni tepu, ndiyo maana jambo hili lanigusa. Paris, miaka ya 1880, karani wa polisi Alphonse Bertillon aliwatambua wahalifu kwa vipimo 11 vya mwili: urefu, upana wa mikono ikinyooshwa, kichwa, sikio, mguu wa kushoto, kidole cha kati na kadhalika. Wazo lilikuwa zuri, kwa kuwa mifupa ya mtu mzima haibadiliki ovyo. Lakini wape mafundi wawili mteja mmoja, watakuletea viuno viwili. Kipimo hufuata mkono wa mpimaji. Tena mhalifu haachi kipimo chake mlangoni, ila alama ya kidole huiacha. Mwaka 1892, Necochea, Argentina, mama mmoja aliwaua wanawe wawili akamsingizia jirani, na kilichomfichua ni alama ya kidole chenye damu mlangoni. Kufikia 1901 polisi wa London walikuwa wakipanga alama za vidole kwa utaratibu uliotengenezwa Calcutta, India, na Azizul Haque na Hem Chandra Bose, chini ya mkuu wao wa polisi, Mwingereza Edward Henry. Jina lililovuma ni la Henry, na sioni haki hapo.

Sasa malalamiko. Ukimaliza hupewi sabuni wala kitambaa. Watu wanatoka wakipangusa wino ukutani, na ukuta unaonyesha. Kubwa zaidi, hakuna anayekueleza alama zako zinawekwa wapi na nani atazitazama, mpaka uulize. Mzee mmoja kwenye foleni aligoma kutoa mkono. Namwelewa. Wakati wa mkoloni wanaume wa nchi hii walivishwa kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, kikiwa na alama za vidole vyao. Mzee kama huyo anastahili kuketishwa na kuelezwa kwa heshima, si kuambiwa "harakisha, baba."

Kwa kazi yenyewe naisifu ofisi hii, na hasa yule mama. Ukimkuta kijana kwenye dawati, msubiri yeye. Siku mbili kabla, iache pasi, paka mikono mafuta usiku, lakini siku yenyewe nenda na mikono mikavu. Beba sabuni na kitambaa chako. Na kama una harusi wiki hiyo, toa alama kwanza, piko baadaye: mwenye piko vidoleni alirudishwa mbele yangu.